Waya wa Pili

Zuwena alisimika stendi mbili za maiki, kila moja na pembe yake ya chumba, kama walivyotaka wenyewe. Bi Shumbana na Bi Riziki walikuwa ndugu wa tumbo moja, na mwaka wa tisa huu hawasemeshani. Marehemu mama yao aliwaachia wimbo mmoja: mkubwa akampa beti, mdogo akampa kiitikio. Hakuna mwingine aliyeujua, na Zuwena alikuja kuurekodi.

"Mwambie huyo asije akanikoholea kwenye beti zangu," alisema Bi Shumbana.

"Mwambie naye aache kunizibia upepo," alijibu Bi Riziki.

Zuwena aliinamia rekoda yake. Taratibu akachomoa waya wa pili, akauviringa, akautia mfukoni.

"Waya mmoja umekufa, mama zangu. Itabidi mtumie maiki moja."

Bi Shumbana alichukua mkoba wake. "Si umezijaribu zote mbili sasa hivi? Nimesikia kwa masikio yangu."

"Zilifanya kazi, mama. Vyombo hivi vina vituko."

Akasogeza stendi moja katikati, akavaa hedifoni, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Bi Riziki alikuja kwanza. Bi Shumbana alisimama mlangoni kitambo, kisha akaweka mkoba chini, akaja, akabaki hatua moja nyuma.

"Sogea," alisema Bi Riziki. Safari hii hakumtuma mtu.

Zuwena aliushika waya kwa nguvu mfukoni. Ubeti ulikuwa wa Bi Shumbana peke yake, lakini kwenye hedifoni alisikia pumzi mbili zikivutwa.