Stoo ya Chaki

"Siku madiwani wakija kukagua, wale wasiojua kusoma wafiche," afisa elimu alimwambia mwalimu mkuu. Naye akatii bila kubagua.

Siku ikafika. Darasa likasoma kama linakunywa maji, madiwani wakapiga makofi. Ndipo kikohozi kikasikika kutoka stoo ya chaki.

"Mlinzi huyo, waheshimiwa. Ana mafua," mwalimu mkuu akawahi kusema.

Kikaja tena, chembamba, kikiishia na mluzi. Afisa akaganda. Mluzi ule aliujua. Ulikuwa wa kifua cha binti yake. Afisa akatia mkono ndani ya mkoba wake, vidole vikagusa dawa ya pumu. Mwalimu mkuu akainamia viatu vyake.

Diwani mmoja akageukia mlango wa stoo.

Afisa akafunga zipu ya mkoba.

"Hebu someni tena, wanangu," akasema. "Kwa sauti kubwa."