Kamba Isiyochubua

Daktari alichoma sindano kwenye kidole gumba cha Ojok. Ojok akatazama dirishani, kama kidole si chake.

"Unasikia?"

"Wewe nakusikia, daktari. Sindano bado."

Akaambiwa ainue kiganja. Kikaning'inia tu. Atanue vidole. Wapi! Mama yake, Filda, alikaa kwenye benchi akisokota pindo la leso. Kijana huyu ni fundi cherehani kule Nateete, na mkono wenyewe ni wa kulia.

Daktari akapapasa alama iliyozunguka mkono juu ya kiwiko. Akaenda kufunga mlango. Siku zile za utawala wa jeshi, Kampala mtu hakuuliza maswali mlango ukiwa wazi.

"Kandoya?" akanong'ona. Nani hakuijua kandoya? Askari wanakufunga viwiko kwa nyuma mpaka kifua kinataka kupasuka.

Filda akainamisha kichwa.

"Lakini kandoya ni mikono miwili. Mbona wewe mmoja?"

"Kamba iliwaishia," Ojok akajibu.

"Na ngozi haikuchubuka. Kama vile waliweka kitambaa chini."

"Hata jeshini hakosekani mwenye huruma, daktari."

Daktari hakucheka. "Ulikaa umefungwa muda gani?"

"Tangu chai ya asubuhi mpaka jua linazama."

Daktari akashusha pumzi. "Neva za mkono, jamani, si za kuchezea. Kamba ikibana kidogo, neva inalala, halafu inaamka. Ikibana kutwa, inaweza isiamke tena. Waambieni na majirani: hata mtu akiumwa na nyoka, msimkaze kamba hivi."

Akafunga kibao chini ya kiganja kisizidi kuanguka. "Mama, mnyooshe vidole kila siku visikakamae. Na asikae karibu na sigiri ya mkaa, ataungua asijue. Tutangoja miezi. Lakini cherehani, kijana wangu..." Akatikisa kichwa. "Mungu atawalipa waliokufanyia hivi."

Hapo Filda akainuka, akatoka nje bila kuaga.

Ojok alimkuta ameegemea ukuta, leso mdomoni, mabega yakimtetemeka. Akamshika bega kwa mkono ule mzima.

"Usilie, mama. Ulinifunga ili lori la jeshi linalozoa vijana linikute kilema, liniache. Si limeniacha?"