Wageni wa Mzee Baltasar

Klak.

Sauti ilitoka jikoni, gizani, kabla tramu ya kwanza haijapita. Deolinda, mkewe Baltasar, hakuhitaji kuwasha taa ili ajue ni nini.

"We Baltasar, funga huo mwavuli. Kufungua mwavuli ndani ya nyumba ni kuita nuksi."

"Nafanya mazoezi."

"Basi fanya kimyakimya, utamwamsha mtoto."

Mzee Baltasar akaufunga. Ulikuwa mwavuli wa njano wa kampuni, ule ambao kiongozi wa watalii huuinua juu ili wageni wake wasimpotee. Mwezi mzima wa majaribio alikuwa ameuinua katika vichochoro vya mtaa wao wa Alfama, na Jumapili mbili za mwisho hakukuwa na hata mtu mmoja nyuma yake. Wageni wanaokuja Lisbon siku hizi wanawataka vijana wenye meno meupe.

Leo Dona Gertrudes, msimamizi wake, angekuja mwenyewe kutazama. Akikuta mzee na mwavuli bila watu, mwavuli unarudi ofisini, na Baltasar anarudi kwenye benchi la wastaafu, kucheza karata na watu ambao anawajua hadi vikohozi vyao.

"Hawatakuja," alisema.

"Watakuja," alisema Deolinda, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaongea na Mtakatifu Antoni na wakaelewana.

Na kweli walikuja. Baltasar alipofika mbele ya kanisa, Dona Gertrudes alikuwa ameshasimama pale na kundi zima linamngoja. Mzee akaangusha mwavuli.

"Pole, ni furaha tu hiyo," Dona Gertrudes alimwambia, akamwokotea.

Kulikuwa na mwanamke wa Norwe mwenye kofia pana na miwani myeusi iliyomeza nusu ya uso. Kulikuwa na Mjerumani mnene wa kaptula, na mtu na mkewe waliovaa makoti ya mvua kwenye jua kali. Mabegani kwa Mjerumani alikaa mtoto wa kike wa miaka minne hivi, pipi ya kijiti mdomoni. Dona Gertrudes aliwasalimu kwa Kiingereza. Wote wakaitikia "ya, ya" na kutabasamu sana.

Baltasar akainua mwavuli, wakaanza kupanda.

Alisimulia jinsi ardhi ilivyotetemeka zamani, mji ukaanguka, mtaa huu ukabaki umesimama. Midomo ya yule Mnorwe ilikuwa ikicheza pamoja na maneno yake, kama mtu anayesali. Katikati ya hadithi mzee akasahau kinachofuata. Mnorwe akakohoa, akanyoosha kidevu kuelekea kilimani, na Baltasar akaikumbuka ngome.

Dona Gertrudes alinong'ona kwamba hajawahi kuona watalii wasikivu namna hii. Wa kwake huuliza choo kiko wapi.

Kwenye ngazi za juu kuna jiwe linalocheza, ambalo halijawahi kumwacha mgeni bila kumtia adabu. Hawa waliliruka mmoja baada ya mwingine, bila kutazama chini.

"Watu wa milimani hao," alisema Dona Gertrudes kwa heshima, akiwa amekaa juu ya jiwe lenyewe.

Wakati huo paka watatu walikuwa wanamfuata Mjerumani. Baltasar alieleza kwamba paka wa Alfama wanapenda sana wageni. Msimamizi akavuta hewa, akasema ananusa dagaa. Baltasar akasema Ujerumani nako kuna bahari.

Bibi Hermínia, anayeuza pombe ya cheri mlangoni kwake, alilitazama kundi, akaitazama ile kofia pana, halafu akaingia ndani ghafla ameshika mbavu.

"Anaumwa?" aliuliza Dona Gertrudes.

"Siku nyingi," alijibu Baltasar.

Mara kwa mara mtoto alitoa kijiti mdomoni akavuta pumzi kama anayetaka kusema. Kila mara mkono wa Mnorwe ulifika na pipi nyingine.

Juu kabisa, mto ulipoonekana wote, Dona Gertrudes alimshika Baltasar mkono. Akamwambia kazi amepata, na kwamba amewaaibisha vijana wote wa kampuni. Macho ya mzee yakalowa. Ya Mnorwe pia, maana alipenyeza leso chini ya miwani.

"Imebaki picha moja tu, ya tangazo letu," alisema msimamizi. "Wageni wako chini ya nguo zilizoanikwa. Watu wa nje wanazipenda nguo za Alfama kuliko makanisa. Tupite kile kichochoro."

"Kile hapana," alisema Baltasar. "Kina mbwa."

"Mbwa gani?"

"Mkubwa."

Lakini Dona Gertrudes alikuwa ameshatangulia. Kichochoro kilikuwa chembamba na kizuri, na juu, kutoka dirisha hadi dirisha, zilining'inia shuka, soksi nene za mzee, na pajama ndogo yenye picha za bata.

"Hapa hapa," alisema, akawapanga. "Mzee Baltasar, waambie kidogo habari za mahali hapa."

Baltasar akainua mwavuli. "Hapa wanaishi wenyeji wa zamani," alisema kwa sauti nyembamba. "Watu waaminifu."

"Ya, ya," walisema wageni.

Dona Gertrudes akainua kamera. Mnorwe alikuwa akipekua mkoba, haraka, kisha haraka zaidi, na kilichotoka humo kilikuwa vijiti vitupu. Mtoto akamwangalia kiongozi wa watalii, akanyoosha kidole juu.

"Babu," alisema, "pajama yangu imeshakauka."