Mtoto wa Mgongoni

Kinyozi aliingia nyumbani akihema, mtoto amelala mgongoni, kofia ya sweta la chekechea imemfunika mpaka puani.

Alikuwa amenogewa na ubishi wa mpira kule kibandani kwake pa kunyolea mpaka akasahau kwenda kumchukua binti yake. Alipokumbuka alikimbia kama mwendawazimu, akiwaza watekaji, akamkuta amelala peke yake kwenye benchi la getini, akambeba bila kumfunua. Njia nzima alimwomba msamaha.

"Usimwambie mama, mwanangu," alinong'ona tena.

"Asiniambie nini?"

Mkewe alikuwa mlangoni mwa jikoni. Kando yake, akitafuna mkate, alisimama binti yao.

Kinyozi alimtazama binti. Mgongoni, shavu la moto likamgandia shingoni.

"Mimi nilimpitia mapema," mkewe alisema taratibu. "Wewe umemleta nani?"

Kinyozi akamlaza mtoto kwenye kochi, akamfunua. Sura ya yule mvulana haikumjia, lakini kichwa alikijua vizuri. Alikinyoa Jumamosi, huku baba mtu, askari polisi mwenye mikono kama makoleo, akisimamia kila sentimita.

"Mume wangu," mkewe alisema, "umeiba mtoto wa polisi."

Nje, breki zikalia. Buti zikashuka, na sauti nzito ikaita jina la mtoto, ikikatika katikati kama ya mtu anayelia.

Kinyozi akamkumbatia mtoto, akaenda kufungua mwenyewe.