Nati Mbili za Mzee Jibril

“Gari ni langu, na silitoi sadaka!” Mzee Jibril alifoka kutoka kwenye kiti chake.

“Nani kakuomba sadaka, baba?” Jaliah alijibu, kichwa kikiwa kimezama chini ya boneti. “Nachukua bomba moja tu.”

Bomba lenyewe lilikuwa jembamba kama kidole cha mtoto, la kupitisha petroli kutoka kwenye pampu hadi kabureta. Bila hilo, gari kuukuu la mzee lisingetoka uani. Jaliah alikuwa ameondoka Mbale alfajiri kuja Mafubira kwa kazi hiyo moja, kwa sababu jana mzee alimpigia simu akitamba: Ijumaa anakuja Malukhu, huko huko Mbale, kwenye akika ya kitukuu chake, na ataendesha mwenyewe.

Mara ya mwisho alipoendesha mwenyewe, aliangusha lango la watu kule Mpumudde, kisha akalilaumu lango.

Baada ya hapo Jaliah alimnyang'anya ufunguo. Mzee akawasha gari kwa waya. Jaliah akaondoa betri, mzee akaazima ya rafiki yake Gurbachan. Mwishowe alizunguka gereji zote za Mafubira akionya kwamba fundi atakayeligusa gari la baba yake atamtambua. Mafundi walimjua. Hakuna aliyeligusa tena.

“Nitakutumia gari likuchukue,” Jaliah alisema sasa.

“Nibebwe kama gunia la mahindi, kwenye akika ya damu yangu?”

Gurbachan, aliyeketi kando ya mzee na kikombe cha chai, alitikisa kilemba chake kwa huzuni. Magotini alikuwa na kitu chembamba kilichofungwa gazeti. Fimbo ya pazia la bafuni, alieleza pale Jaliah alipouliza, mkewe amemtuma.

Nati mbili za bomba zilikuwa zimeshikwa na kutu. Jaliah alipachika spana malaya, ile ya mdomo wa kurekebishwa, akavuta kwa nguvu zote.

“Weka chini hiyo, itakula pembe za nati!” mzee alipiga kelele. “Nimekulea gereji ili unitie aibu? Spana mbili! Moja ishike pampu, nyingine izungushe nati.”

“Banange! Kumbe unanisaidia?”

“Naisaidia nati. Wewe na mimi bado tunagombana.”

Jaliah alicheka kimoyomoyo. Baba yake hakuwahi kuvumilia kazi mbaya, hata ikiwa ya adui.

“Tia mafuta ya breki, ungoje,” mzee aliendelea, akinyoosha shingo. “Gonga polepole. Polepole, si unatwanga karanga! Sasa kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze.”

“Nikaze tena?”

“Nati ni kama mkwe. Ukimvuta moja kwa moja, anakataa.”

Alikaza kidogo, kisha akalegeza. Kitu kikalia krii, nati ya kwanza ikaachia. Ya pili ilimchubua vidole viwili kabla ya kukubali. Jaliah alichomoa bomba, akalifuta kwa kitambaa, akaliinua juu kama mtu aliyekamata nyoka.

Mzee alijifunika uso. “Umeniua, Jaliah.”

“Nimekuokoa. Na la aina hii haliuzwi popote siku hizi.”

Alitaka kwenda nalo Mbale, lakini akamtazama baba yake, akaona mzee huyu atalipata tena kwa hila, akabadili nia. Alivuka barabara hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akasimama hapo hapo mpaka likakatwa vipande. Kisha akarudi, akaubusu mkono wa mzee uliovimba viungo, akapanda bodaboda.

Mzee Jibril alibaki ameinamisha kichwa mpaka mlio wa pikipiki ulipopotea upande wa barabara kuu.

“Funua,” alimwambia Gurbachan.

Ndani ya gazeti mlikuwa na bomba jipya la shaba, la kuundwa kwa mkono, na nati mbili zinazong'aa kwenye ncha zake.

“Zile kuukuu zimenishinda tangu bomba lilipotoboka siku ya Idi,” mzee alisema, akilipokea kwa vidole vyake vigumu. “Nilijua hakuna kitakachozilegeza ila hasira za binti yangu.”