Swali kwa Bwana Mifugo

Sufuria ilianguka jikoni, na mtoto wa mbuzi akaruka hadi kwenye kona ya zizi, miguu ikimtetemeka.

"Umeona?" Donatus alimwambia bwana mifugo. "Amezaliwa hapahapa Masumbwe. Hakuna aliyewahi hata kumfokea."

Bwana mifugo alimkamata, akampapasa masikio. "Mama yake mlimtoa wapi?"

"Geita, jirani na machimbo. Baruti zililipuka kila siku. Ila mimba aliipatia hapa, kwenye utulivu."

"Huenda hofu ya mama ilitangulia mimba, mtoto akairithi. Watafiti wameliona hilo kwa panya. Kwa mbuzi sina hakika."

Donatus aliutazama mkono wake. Mwaka jana duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilimfukia, akatolewa akiwa hai, na tangu siku hiyo hawezi kulala taa ikizimwa. Kucha mbili zilizong'oka alipokuwa akichakura kifusi ziliota zimepinda. Sasa alikuwa akizisugua kwa kidole gumba, haraka haraka, kama anayetaka kuzifuta.

"Na dume je?" aliuliza. "Kama aliyeogopa ni dume?"

"Hata dume, wanasema." Bwana mifugo alicheka, hakujua anaulizwa nini. "Lakini watoto wakilelewa kwa upole, wengine hutulia."

Donatus aligeuka. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, kanga imefungwa juu ya tumbo lililoanza kuonekana. Alikuwa amesikia yote.

Alishuka barazani, akaushika mkono wa mumewe wenye kucha zilizopinda, akauweka tumboni mbele ya mgeni.

Donatus akajaribu kuuvuta. Mkewe hakuuachia.