Mkono wa Kushoto wa Elinihaki

Siku hizi kila piano hutunza mikono ya mwenyewe aliyetangulia, na humsaidia anayejifunza mpaka aupige wimbo mzima bila kosa. Siku hiyo mpimaji wa piano huifuta mikono hiyo. Bi Namsifu, mjane wa miaka sitini na minne, alikuwa na mwaka wa sita kwenye wimbo mmoja wa kanisani. Yeye alipiga upande wa kulia. Upande wa kushoto vibonye vilibonyea vyenyewe, jinsi marehemu mumewe Elinihaki alivyozoea, akichelewa kidogo mwisho wa kila ubeti ili mkewe avute pumzi. Basi kila Alhamisi, mpimaji alipokuja, Namsifu alikosea mahali palepale, kisha jioni akatubu.

"Mama, miaka sita wimbo mmoja!" alisema mpimaji. "Mimi nimeshaujua, na sijifunzi."

"Uzee huu, mwanangu. Subiri ukufikie."

Lakini Alhamisi hii alikuwa amemwahidi Mungu kwamba hatadanganya tena. Alipiga huku akishukuru kwa miaka sita ya nyongeza, na vidole havikuteleza. Mpimaji alishika kalamu. Ubeti wa mwisho, upande wa kushoto ukangoja, Namsifu akavuta pumzi, kisha kibonye kimoja kikabonyea pasipo pake.

Mpimaji aliangua kicheko. "Leo kakosea mzee wako! Haihesabiki, mama. Tuonane wiki ijayo."

Namsifu alifunga piano polepole, akamshukuru Mungu kwa machozi. Elinihaki hakuwahi kukosea pale maisha yake yote. Namsifu hakuthubutu kujiuliza ile ahadi yake aliisikia nani.